Pumzi za Restituta

Katika miaka ile watu wa Ujiji walikuwa wamejifunza jambo moja: ukimwona mtu anakimbia, usimwulize kulikoni. Beba mtoto, ukimbie naye. Maswali mtaulizana mbele ya safari.

Restituta hakulikumbuka jambo hilo asubuhi ile ya Januari, mwaka tisini na saba, alipoinama kufunga kamba za raba zake mlangoni kwa shangazi yake, mtaa wa Katubuka. Ilimbidi asimame mara mbili apumue kabla hajamaliza kiatu cha pili. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa karani wa kuandikisha wakimbizi, na kazi yake yote aliifanyia juu ya kiti cha mbao, tangu saa moja asubuhi mpaka jua linapozama. Jina? Umri? Umetoka wapi? Umekuja na nani? Swali la nani aliyebaki nyuma halikuwamo kwenye fomu, lakini watu walilijibu hata hivyo, na Restituta alisikiliza. Jioni alirudi akiwa amechoka kama aliyelima heka nzima, akala ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, akalala. Asubuhi aliamka bado amechoka.

"Unakwenda wapi na viatu vya mpira?" Shangazi Regina aliuliza kutoka jikoni.

"Kukimbia kidogo, Shangazi. Mganga amesema nifanye mazoezi."

"Mwanamke mzima ukimbie barabarani? Watasema umeiba kuku."

"Waseme."

"Au wataona umeachwa, ndiyo unamkimbilia mwanamume."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa karibu na kweli. Akavaa rozari yake shingoni, akafanya ishara ya msalaba, akatoka.

Mganga mwenyewe alikuwa Mzee Hamdani wa zahanati ya Mwanga. Siku mbili kabla alikuwa amemsikiliza moyo, mbele na mgongoni, kwa muda mrefu hadi Restituta akaanza kusali kimoyomoyo. Kisha akavua mipira ya kusikilizia masikioni.

"Moyo wako hauna ugonjwa, binti yangu. Una uvivu."

"Mimi nafanya kazi kutwa, Mzee!"

"Wewe unafanya kazi. Moyo wako umeketi kitini. Uko uchovu wa mwili uliotumika, na uko uchovu wa mwili uliokaa. Huu wa pili hautibiwi kwa kulala."

Restituta alimsikia, lakini hakumwamini. Alidhani anamfariji, kama yeye alivyowafariji watu wa kwenye foleni yake.

Basi akashika barabara ya Ujiji. Alikusudia kukimbia nguzo tatu tu za umeme. Kwenye nguzo ya kwanza kifua kiliwaka. Kwenye ya pili miguu ikawa mizito kama mchanga uliolowa. Mbele yake, pembeni mwa barabara, mwanamke mwembamba alikuwa amepanga chupa za mawese juu ya gunia, na mtoto amekaa miguuni pake. Mwanamke yule aliinua macho. Akaona mtu anakuja mbio, mdomo wazi, macho yamemtoka, hana mzigo mkononi.

"Baraje!" alipiga kelele kwa Kirundi. Wanakuja! "Baraje!"

Akamnyakua mtoto. Chupa zikaanguka. Mwenye dagaa aliyekuwa jirani akaacha beseni lake, wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani wakatupa ndoo, na kufumba na kufumbua watu kama thelathini walikuwa wakikimbilia ziwani, wakimpita Restituta kulia na kushoto. Mmoja alimpiga kikumbo akaanguka magotini.

"Simameni!" alijaribu kusema. "Ni mimi tu! Nafanya mazoezi!"

Lakini hakuwa na pumzi ya kuisema sentensi hiyo. Hiyo ndiyo aibu iliyomtesa kuliko zote.

*

Saa kumi jioni Pastory, mchumba wake, alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, raba ziko kando, uso umevimba kwa kulia. Pastory alikuwa msaidizi wa stesheni masta, mtu mrefu, mpole, mwenye saa kubwa ya kazini mkononi. Aliamkia, "Shikamoo, Shangazi," na Shangazi Regina akaitikia na kuingia ndani, ila mlango aliuacha wazi ili asikose neno.

"Nimesikia," Pastory alisema.

"Mji mzima umesikia. Mama mmoja alifika hadi majini na mtoto mgongoni, Pastory. Majini! Kwa ajili yangu."

"Hukujua."

"Ilinipasa kujua. Mimi ndiye ninayewaandikisha."

Pastory akaketi kwenye kigoda. Alimtazama magoti yaliyochubuka, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyebeba neno na hajui pa kulitua.

"Umetoka Kalinzi," Restituta alisema.

"Nimetoka jana."

"Mama amesemaje?"

Hapakuwa na haja ya kumkumbusha mwenzake yaliyotokea Kalinzi. Mwezi wa kumi Restituta alikwenda kujitambulisha kwa Mama Melania, mamaye Pastory. Nyumba iko juu kabisa, katikati ya migomba na mibuni, na kutoka barabarani hapapandi gari. Alisimama mara nne. Mara ya tano alitapika kwenye mibuni ya jirani. Alipofika uani hakuweza hata kutamka shikamoo. Alishika nguzo ya banda akihema, na Mama Melania alimtazama akiwa ameweka mkono mdomoni. Pastory aliwahi kuoa. Mkewe, mwalimu Sia, aliyetoka Moshi kufundisha shule ya kule juu, alifariki katika uzazi pamoja na mtoto. Wauguzi walisema moyo ulikuwa mbovu tangu zamani, ila hakuna aliyejua.

"Amesema hana ubaya na wewe," Pastory alianza.

"Sema lote."

"Amesema hawezi kuzika mkwe wa pili." Akaizungusha saa yake mkononi. "Amesema uende tena Pasaka. Upande mwenyewe. Ikiwa itakuwa kama ile mara ya kwanza, niache kukupotezea muda wako. Resti, mimi sioi bila baraka yake. Unanijua. Ningekuwa mwongo nikikuambia vinginevyo."

Restituta hakukasirika. Alikuwa amechoka mno kukasirika.

"Na kama mama yako anasema kweli?" aliuliza taratibu. "Kama moyo wangu ni kama wa Sia? Nilikimbia nguzo mbili, Pastory. Mbili. Afadhali tuachane sasa, kuliko uje uchimbe kaburi tena."

"Mganga amesema huna ugonjwa."

"Waganga wa Sia walisemaje?"

"Sia hakuwahi kwenda kwa mganga."

Nyuma ya mlango Shangazi Regina alikohoa.

"Mzee Hamdani alinipa kipimo," Restituta alisema mwishowe. "Cha kujipima mwenyewe. Naogopa kukifanya."

"Kipimo gani?"

"Unapanda ngazi na kushuka dakika tatu, bila haraka. Kisha unaketi na kuhesabu mapigo dakika nzima. Unaandika. Baada ya mwezi unarudia. Amesema moyo mvivu unabadilika, namba inashuka. Mbovu hauna namna hiyo."

Pastory akaitazama ngazi ya mlango. Ilikuwa moja tu, ya saruji, imelika katikati. Akavua saa yake.

"Basi inuka."

"Leo?"

"Usipojua leo, utaogopa na kesho."

Akapanda. Kushoto juu, kulia juu, kushoto chini, kulia chini. Dakika ya kwanza aliona haya, maana mwanamume anayempenda alikuwa akimwona akitikisika hivyo. Dakika ya pili haya zikaondoka zenyewe. Pumzi hazikumwachia nafasi. Ya tatu aliomba, si kwa maneno. "Keti," Pastory alisema, na akaushika mkono wake.

Vidole vyake viwili vilitafuta mshipa chini ya kidole gumba, vikaupata, vikatulia. Restituta alihisi damu yake ikigonga kwenye ngozi ya mwanamume yule. Hakuna aliyewahi kumshika hivyo. Alimwona akitazama saa, midomo ikihesabu bila sauti, paji likiwa na jasho kana kwamba ni yeye aliyepanda.

"Mia moja thelathini na sita," Pastory alisema. Hakuuachia mkono.

"Ni mbaya?"

"Sijui. Ni namba tu. Mia moja thelathini na sita, Januari."

"Mapigo mengine ni yako," alisema Restituta, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ungehesabu ukiwa mbali yangepungua kumi."

"Ehe, sasa uachie mkono wa watu!" Shangazi Regina alipaza sauti kutoka ndani. "Kipimo kimekwisha!"

Wakati huo huo mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, na mkononi ameshika rozari ya mbao. Restituta alisimama, magoti yakamwuma.

"Amahoro," mgeni alisalimia kwa Kirundi. "Umeangusha hii barabarani. Wewe ndiwe karani. Uliandika jina langu mwezi wa kumi na mbili. Frida, kutoka Rumonge. Uliniuliza nimekuja na nani, nikakwambia niliowaacha, ukaacha kuandika kidogo."

Restituta alikumbuka. Mume, na mtoto wa kwanza.

"Nisamehe, Frida. Chupa zako nitalipa."

"Hazikuvunjika. Ni za plastiki." Frida akamtazama kuanzia magoti hadi usoni. "Nani alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa najizoeza, nipate pumzi za kupanda mlima kwa mama mkwe."

Frida aliduwaa. Kisha, pole pole, akacheka. Kicheko cha mtu ambaye hajacheka muda mrefu, kikawa kama kikohozi. Shangazi Regina naye akaangua nyuma ya mlango.

"Mimi nimekimbia siku nne kuwaacha waliotaka kuniua," Frida alisema, "na wewe unakimbia kumfuata mama mkwe! Sikiliza, dada. Hapa usikimbie. Tembea. Na uimbe."

"Niimbe?"

"Mtu anayekimbia vita haimbi. Ukiimba, hata mimi nikiwa nimesinzia nitajua ni amani. Kila alfajiri mimi natoka huku kwenda kuchukua mawese. Tupite pamoja. Nitakufundisha wimbo wa bibi yangu. Maneno ya Kirundi, lakini wewe Muha, lugha zetu ni ndugu, utasikia."

*

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Restituta aliimba mstari mmoja na kuhema mistari mitatu, na Frida alimsubiri bila kumsemesha. Kulikuwa na asubuhi ambazo aliamka akilia kwa uchovu, na foleni ya kazini ilikuwa imefika barabarani tangu jana yake. Kulikuwa na mvua. Siku nyingine Shangazi Regina alificha raba, akisema mtoto wa watu atakonda aonekane ana njaa. Restituta alikwenda na kandambili. Hakuhesabu maili, alihesabu rozari. Mwanzoni mafungu mawili yalimtosha kwenda na kurudi. Kufikia Kwaresima rozari nzima iliisha, na wimbo ukabaki.

Kazini alisimama. Alimwomba mkubwa wake meza ndefu, akaandikisha watu wima, na kila baada ya watu ishirini alikwenda mwenyewe mlangoni kumwita wa ishirini na moja, badala ya kupaza sauti.

Februari Pastory alihesabu mia moja ishirini na mbili. Machi, mia moja na kumi. Mara zote alishika mkono muda mrefu kuliko dakika iliyoamriwa, na mara zote Shangazi alikohoa.

*

Jumatatu ya Pasaka wakashuka garini Kalinzi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia ilikuwa nyekundu, inateleza. Juu kabisa, kati ya migomba, moshi wa jiko la Mama Melania ulikuwa ukipanda.

"Naja nyuma yako na sukari na kitenge," Pastory alisema. "Ukiteleza nikudake."

"Hapana. Kaa hapa chini. Amesema nipande mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Nipe saa yako."

"Nikisikia umenyamaza?"

"Ukisikia nimenyamaza, nimenyamaza. Usije."

Akaanza. Aliimba wimbo wa bibi yake Frida, kwa sauti ya wazi, kila neno na hatua yake. Alipita jiwe la kwanza alilosimamia Oktoba, la pili, la tatu, la nne. Alipita mibuni aliyotapikia, akaikwepa kwa macho. Watoto walitoka uani kumtazama. Mzee mmoja aliacha kupalilia, akamwitikia ubeti.

Kisha njia ikasimama kama ukuta. Zilibaki hatua labda mia mbili. Wimbo ukaanza kukatika; maneno yakawa mawili, likawa moja. Angeweza kuusukuma. Aliijua nguvu ile, ya kuuma meno na kufika ukitabasamu ili watu waone. Moyo ulimpiga masikioni. Alifikiri, Wakinisikia nimenyamaza, yamekwisha. Mama atasema ni yale yale.

"Bwana," alisema, "nimechoka."

Akaketi kwenye jiwe, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, akatazama saa.

Alikuwa akihesabu dakika ya pili aliposikia kishindo juu. Mama Melania alikuwa akishuka mbio, peku, kitenge kimemlegea, mkono mmoja ukishika migomba. Alifika akihema vibaya, akaanguka kuketi karibu naye, akamshika mabega.

"Umenyamaza!" alisema. "Nilikuwa nakusikia tangu barabarani. Umenyamaza. Mwana wanje, mwanangu, una nini?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Una nini?"

"Nimechoka, Mama. Nimechoka sana. Lakini si ugonjwa. Yalikuwa mia moja arobaini nilipoketi, sasa yanashuka. Nikipumzika kidogo nitaendelea."

Mama Melania alimtazama, macho yakajaa machozi.

"Rudia," alisema.

"Nimesema yanashuka."

"La kwanza."

"Nimechoka."

Mama mzee akauinamisha uso. "Sia hakuwahi kuniambia neno hilo," alisema. "Miaka mitatu. Alipanda hapa na ndoo, na kuni, na mimba, midomo imekuwa zambarau, nikamwuliza, umechoka? Anacheka. Sijachoka, Mama. Alitaka nimpende. Siku zote sijachoka, mpaka siku tuliyomshusha kwa machela. Mimi nilikuwa nampenda tayari." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Ulipokuja Oktoba ukashika nguzo yangu, hukusema kitu. Nikaona ni yule yule amerudi."

Restituta aliona haya, kwa kuwa miezi mitatu alidhani anatakiwa kuthibitisha nguvu.

Bondeni ukungu ulikuwa ukitengana, na mbali sana ziwa lilionekana kama kipande cha bati. Mama Melania alikuwa bado anahema kuliko yeye.

"Mama, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nikupime. Umeshuka mbio."

Mama mzee akautoa mkono wake, mgumu kwa jembe. Restituta akauweka magotini pake, akautafuta mshipa, akahesabu. Hesabu ilikuwa kubwa. Hakuisema.

"Tutapumzika kidogo zaidi," alisema.

"Kwa ajili yako au yangu?"

"Yetu sote."

Mama Melania akacheka puani. Baada ya muda aliinuka, akajiegemeza kwenye bega la Restituta, na kwa hakika hakuna aliyejua nani anamshika mwenzake. "Twende polepole," alisema. "Ukichoka, sema."

"Na wewe, Mama."

"Na mimi nitasema." Akageuka kutazama chini, kwenye kona ya njia, ambako mtu mrefu alikuwa amesimama na mfuko wa sukari kichwani, hathubutu kupiga hatua. "Na yule je? Atakaa huko mpaka mazishi yangu? Mwite mumeo apande."

Restituta alisikia neno lile, akaliacha limwingie taratibu, kama maji kwenye ardhi iliyokauka. Kisha akavuta pumzi hadi chini kabisa ya mbavu, akaita, "Pastory!"

Jina lilishuka bonde zima, na pumzi ilibaki.